Rubani wa Pili na VJ wa Masese

Jumatatu, 15 Septemba

Muhula wa tatu umefunguliwa leo, na mvua nayo imefunguliwa. Tangu alfajiri nimesimama getini na mwavuli uliokatika ubavu mmoja, nakagua soksi, nywele na mabegi. Nimenyang'anya simu kadhaa kabla ya paredi. Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu wa shule hii, na wanafunzi wakiniona nakuja wanapunguza sauti hata kama walikuwa wanasoma.

Jioni, mwalimu huyohuyo amejifungia chooni na simu yake mwenyewe kuangalia tangazo la katuni. Wanaitengeneza upya Meli ya Mwezi Mwekundu, katuni ya anga ya utotoni mwangu. Nimelirudia lile tangazo mpaka Magidu, mume wangu, akagonga mlango na kuuliza kama tumbo linaniuma. Nikamjibu ndiyo. Nina miaka thelathini na minane na mtoto wa kuzaa mwenyewe, na bado naona afadhali kusingizia tumbo.

Nimenunua daftari hili ili niwe na mahali pa kusema. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ile meli ilinijia kwa Kiswahili. Hapa Nkoma, mtaani kwetu Mbale, wengi wanasema hiyo ni lugha ya askari, na Magidu akinisikia naongea na ndugu zangu kwenye simu huuliza kama tumeanza vita. Lakini kwa lugha nyingine siwezi kuiwaza.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimelala na hasira juu ya roboti.

Wamempa kiuno. Wamempa macho ya buluu ya kung'aa na sauti ya mtangazaji wa benki. Roboti wetu wa zamani alikuwa na umbo la sufuria iliyogeuzwa, na mkono wake ulitetemeka kwa sababu wachoraji walikuwa wavivu au hawakulipwa vizuri, sijui. Nyuma ya meli walipitisha nyota zilezile. Ukikaa macho unaiona moja iliyomeguka ncha, inapita, baada ya muda kidogo inapita tena. Sisi watoto tuliipungia mkono. Hakuna aliyesema ni ileile, tulisema imetufuata.

Katuni za siku hizi zimemalizwa mpaka unywele wa mwisho, hazikuachii kazi yoyote. Zile zilikuwa na matundu, na sisi tuliyajaza. Ningependa kumwambia mtu jambo hili, lakini nitamwambia nani? Leo mchana nimemwadhibu mvulana wa kidato cha pili kwa kuchora roboti nyuma ya daftari la jiografia. Alichora vizuri sana.

Jumapili, 21 Septemba

Niliseme hapa, maana pengine pote nimelimeza.

Baba yangu, Sebit, alikuwa VJ. Alikuwa na kibanda cha video kule Masese, pembeni ya Jinja, karibu na mwalo wa samaki. VJ hukaa kando ya televisheni na maikrofoni, filamu ya kigeni inaenda, yeye anaisimulia kwa lugha ya watu, anaongeza chumvi, anawapa wahusika majina ya mtaani. Ma-VJ wengi walisimulia kwa Kiganda. Baba alisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu pale mwaloni kulikuwa na watu wa kila kabila, na nusu ya mabenchi yalikaliwa na wanajeshi wa kambini. Kwake yule roboti aliitwa Afande Sufuria. Bunduki ya miale aliiita tochi ya kuua. Nilikula kutoka kibanda kile, nikavaa kutoka kibanda kile, nikasoma ualimu kutoka kibanda kile.

Na kila muhula nasimama kwenye paredi nawaambia watoto wa watu kwamba kibanda cha video ni mahali pa wahuni. Walimu wenzangu wanajua baba yangu ni Mnubi, mzee wa Jinja, basi.

Nimo pia kwenye kundi la simu liitwalo Abiria, la wapenzi wa katuni za zamani za anga, watu wa Mbale, Jinja na Tororo. Lilianzishwa na Isiko, fundi wa kompyuta hapa mjini. Kule naitwa Rubani wa Pili, na picha yangu ni ya roboti. Hakuna anayejua mimi ni nani, wala kama ni mwanamke.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua. Umeme hakuna. Nimesahihisha insha kwa mshumaa.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo nimeumbuka, na nimejitakia.

Kwenye Abiria walikuwa wanajadili kama hao watengenezaji wapya watabadilisha mwisho. Nikaandika, kwa kujiamini kwa mwalimu, kwamba wasithubutu, kwa sababu mwisho ule ndio mzuri kuliko yote: meli inarudi nyumbani, inashuka polepole, abiria wanatoka wakitembea kinyumenyume mpaka majumbani mwao. Nikaeleza na sababu. Mtu aliyetoka mbali sana hurudi kwa kutanguliza mgongo, ndiyo heshima ya nyota. Nikasema hakuna katuni nyingine iliyothubutu kuonyesha adabu kama ile.

Halafu Brendah akajibu. Brendah anasoma chuo kikuu hapa Mbale na amezipakua sehemu zote za asili. Akauliza kwa upole nimeona wapi hayo. Akatuma dakika za mwisho. Meli inaingia kwenye jua. Inaungua na watoto wote ndani, na roboti, kisha majina ya watengenezaji yanapanda. Hakuna anayerudi, wala anayetembea kinyumenyume.

Walicheka mpaka saa ya chakula. Mmoja akauliza kama Rubani wa Pili aliruka kwa gia ya nyuma. Nimesimamia masomo ya usiku huku masikio yananiwaka, na mtoto mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Asubuhi nilitaka kutoka kundini. Nikakuta Isiko amenitetea, na utetezi wake umeniua kabisa.

Mwaka jana alinunua boksi la kanda za video zilizorekodiwa vibandani, pamoja na sauti za ma-VJ, kwa fundi mmoja wa Jinja, anazihamishia kwenye kompyuta taratibu. Usiku alikumbuka amewahi kusikia maneno kama yangu. Akatafuta, akaipata, akaituma: "Jamani, Rubani hajadanganya. Tazameni."

Picha ina michirizi. Meli inashuka, na moshi unarudi tumboni mwake. Watu wanashuka ngazi kwa visigino, wanaingia nyumbani kwa mgongo, milango inajifunga. Na juu yake sauti ya baba yangu, ya miaka yake ya nguvu: "Tazama sasa, meli iko narudi! Watu yote iko narudi. Hawa natembea nyuma-nyuma, hii ndiyo heshima ya nyota. Mama, fungua mlango, mtoto iko hapa."

Nilielewa papo hapo. Alichukua kanda ya kwanza, ile ya kuondoka, akairudisha nyuma huku picha inaonekana. Hiyo michirizi ni ya kurudisha kanda. Miaka yote hii nimeibeba kama kitu kitakatifu, kumbe mashine ilikuwa inarudi mwanzo.

Kundi lilivunjika mbavu. Wakaiga Kiswahili chake. Wakasema Afande Sufuria apewe nishani. Na mimi, ambaye jana nilikuwa mjinga wa kijiji, nikaona mlango wa kutokea. Nikaandika:

"Huyo VJ alikuwa mlevi chakari, na mimi mtoto nikamwamini."

Wakanipenda. Waliweka vicheko vingi chini ya sentensi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Baba yangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Nimeandika, nimetuma, na nimebaki naangalia vicheko vikiongezeka. Sikufuta.

Jumatatu, 29 Septemba

Sasa wanamwita VJ Mlevi. Nilidhani wangesahau.

Jumapili, 5 Oktoba

Tumekwenda Busiu kwa mama mkwe kupalilia mahindi. Matope mpaka magotini. Mama mkwe aliuliza habari za baba, nikasema anaendelea vizuri, na Magidu akaniangalia kwa sababu nilijibu haraka mno.

Jumatatu, 6 Oktoba

Isiko ameweka bango. Tarehe mosi Novemba, saa kumi jioni, kwenye ukumbi mmoja wa mjini Jinja, wataonyesha kanda zote za Meli ya Mwezi Mwekundu zilizopatikana, na sauti ya kibanda. Kwa herufi nyekundu ameandika TAMASHA LA VJ MLEVI.

Nimelisoma bango lile ofisini nikiwa nimesimama. Kisha nimekaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, shule imefungwa. Nimekwenda Masese peke yangu. Magidu nilimwambia nimemkumbuka baba, na hilo halikuwa uongo.

Baba siku hizi hutengeneza redio barazani. Mdogo wangu Kadija anakaa naye na anauza mukene, dagaa wa ziwani, na ua wote umetandazwa nyavu za kuanikia, ingawa jua lenyewe ni la kuvizia. Baba alifurahi kuniona mpaka akaangusha bisibisi. Nikangoja Kadija aende sokoni, kisha nikamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kupitisha muda, kwa nini ile meli yake ilirudi. Je, kanda ya mwisho haikufika?

Akasema ilifika. Kila filamu aliiangalia kwanza peke yake asubuhi, ili ajue atasema nini, na hiyo pia aliiangalia. "Meli iliungua, mwanangu. Watoto yote, kwisha."

Wiki ile mtumbwi wa injini uliotoka hapa mwaloni kwenda visiwani haukurudi. Mimi nilikuwa mdogo, sikuambiwa. Akasema mama na ndugu wa waliokuwamo walikuwa wanakuja kibandani kila jioni, si kwa ajili ya katuni, bali kwa sababu nyumbani hawakuweza kukaa. Walijazana mabenchi ya mbele. Naye amekaa na maikrofoni na kanda ile mkononi.

"Mimi nitawaonyesha hii?" akaniuliza, kana kwamba bado anachagua.

Nikamuuliza kama hakuogopa kugunduliwa. Akasema watu wazima wote waligundua, ile michirizi hata kipofu angeiona. Hakuna aliyesema neno. Waliomba airudie kesho yake, akairudia, na kesho kutwa pia. Walioamini ni sisi watoto tu.

Nilirudi Mbale jioni. Njia nzima nilikuwa namwaza mtu huyu niliyemwita mlevi mbele ya watu ambao sina hata namba za nyumba zao. Nilipofika nikafungua kundi ili niandike ukweli. Kulikuwa na utani mpya, mzuri kweli, na wamenitaja. Nikazima simu.

Jumapili, 12 Oktoba

Yarabi.

Baba amepiga simu kwa simu ya Kadija. Amepata mgeni kutoka Mbale, kijana mwenye adabu, bwana Isiko, aliyemtafuta mwaloni mzima kwa kuulizia sauti. Anasema vijana wanataka kumwona. Wanataka ashike maikrofoni tena, asimulie sehemu moja papo hapo mbele ya ukumbi. Kuhusu jina la tamasha hakusema kitu, kwa hiyo hajui. Simu yake ni ile ndogo isiyo na picha, na mwenyewe hajui kusoma mabango.

Aliniuliza avae koti au kanzu. Nikasema kanzu. Aliniuliza kama nitakuja. Nikasema mitihani inakaribia, nitaona. Akasema sawa, mwalimu ana kazi nyingi. Kila mara huniita mwalimu anaponisamehe kitu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ya mawe. Mabati ya jiko la shule yameng'oka.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwandikia Isiko pembeni, kwa jina langu la uongo, nikamwomba aondoe neno mlevi. Nikasema yule ni mzee wa Kiislamu, si vizuri. Isiko akajibu kwa furaha kwamba mzee mwenyewe ni mcheshi, atalicheka tu, na mabango yameshabandikwa mpaka stendi. Kisha akaongeza kwamba neno langu ndilo lililojaza ukumbi, na siku hiyo atanitaja jukwaani nipigiwe makofi.

Ningeweza kumwambia ni baba yangu. Ilikuwa sentensi fupi. Niliandika nusu yake. Halafu nikawaona wote: Isiko, Brendah, walimu wenzangu, wanafunzi watakaosikia kwamba mwalimu wa nidhamu ni mtoto wa kibanda na shabiki wa sufuria. Nikafuta.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wavulana wawili wametoroka, nikawafuata kwenye kibanda cha karibu na soko. VJ wao ni kijana anaitwa Gaster. Niliposhika pazia na mwanga ukaingia, hakunyamaza hata kidogo, akaendelea na maikrofoni: "Na hapa sasa polisi wa anga wameingia, kiongozi wao ni mama mkali, wahalifu wawili wamekwisha." Kibanda kizima kilicheka, pamoja na wale wahalifu wangu.

Zamani ningemfokea. Leo nimesimama pale na viatu vyenye matope, nikasikiliza. Alikuwa hodari. Aliwahi kila mdomo uliofunguka. Nimewatoa wavulana na sikuwachapa, wamebaki wananiangalia kwa wasiwasi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kadija amepiga simu kulalamika. Baba anafanya mazoezi barazani kwa kijiko badala ya maikrofoni, na majirani wanakuja na vigoda. Anacheka mpaka anakohoa. Kadija anasema tangu mama afariki hajamwona hivi. Amemfulia kanzu na kuipiga pasi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mzee alisema kola imelala.

Akauliza: "Dada, unakuja, siyo? Anawaambia watu wote binti yake mwalimu atakaa mbele."

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimefanya kitu kibaya.

Nilijidanganya kwa wiki nzima kwamba tatizo ni kicheko. Kwamba ataingia ukumbini na kanzu yake, ataona watoto wa chuo wanacheka Kiswahili chake, mtu atamsomea bango, naye atavunjika moyo mbele za watu. Nilisema namlinda. Ukweli ni kwamba atasimama na maikrofoni na kusema binti yangu yuko pale, na Isiko atasema hapo hapo aliyelitunga neno mlevi ni Rubani wa Pili, na mimi nitakuwa nimekaa mbele nikiwa wote wawili.

Nimempigia baada ya swala ya Ijumaa. Nimemwambia nimesoma tangazo hapa Mbale: tamasha limeahirishwa kwa sababu ya mvua, na wenyewe watamjulisha siku nyingine. Nilitumia sauti yangu ya paredi, ile isiyoulizwa maswali.

Akasema ni kweli, mvua mwaka huu ni kali, na watu wasingefika. Akaniambia nisihuzunike.

Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sili vizuri. Magidu anauliza, nasema mitihani.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimekwenda. Sijui kwa nini mkosaji hupenda kwenda kuangalia. Magidu nilimwambia kuna semina Jinja. Nikavaa shungi jeusi, nikakaa safu ya nyuma karibu na mlango.

Nilitegemea vijana wa chuo, na walikuwepo, na simu zao juu. Brendah nilimtambua, ni mdogo kuliko nilivyodhani, na ana miwani. Lakini nusu ya ukumbi walikuwa watu wa Masese. Wanaume wa makamo wenye mikono ya nyavu, kina mama wa mukene waliovaa gomesi za sikukuu, wazee wawili watatu waliokaa wima kama wanajeshi. Walikuja wakiwa wamechelewa na wamelowa, na hakuna aliyeangalia bango.

Kanda zikaanza. Vijana walicheka pale nilipojua watacheka. Kisha nikasikia kitu kingine. Wale wa Masese walikuwa wanasema maneno pamoja na sauti ya baba. Sehemu nzima nzima, wanazijua kwa moyo. "Afande Sufuria, ripoti kazini!" ukumbi nusu ukajibu, "Ndiyo afande!" Vijana wakageuka kuangalia. Baada ya muda walikuwa wanajibu na wao, na kicheko kilikuwa kimebadilika, sikuweza kusema ni wapi kilibadilika.

Ilipofika ile kanda ya kurudi, waliacha kujibu. Meli ikashuka na michirizi yake. Mama mmoja wa safu ya mbele alisimama, na wenzake wakasimama, kama watu wanaopokea wageni. Vijana wakashusha simu. Sauti ikasema mama fungua mlango, na ukumbi mzima ulikuwa kimya, isipokuwa mvua juu ya bati.

Taa zikawashwa. Jamaa mmoja mnene, mvuvi, wanamwita Tyson, akauliza kwa sauti VJ yuko wapi. Isiko akapanda jukwaani, uso umemshuka. Akasema mzee alikubali kuja, amempigia tangu asubuhi na simu haipatikani, pengine mvua. Tyson akasema hapana, mzee aliambiwa limeahirishwa, yeye mwenyewe alimsikia akisema hivyo mwaloni jana, akadhani ni tamasha jingine. Kisha akasema kaka yake alikuwa kwenye mtumbwi ule. Yeye alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amekuja kumshika mkono tu, kwa sababu tangu zamani hajawahi kumwambia asante.

Isiko akauliza kama kuna mtu humu anayemjua mzee, wa familia, anayeweza kumpelekea salamu za ukumbi.

Nilikuwa pale pale, safu ya nyuma. Watu waligeuza shingo huku na huku wakimtafuta huyo mtu, na mimi pia, Mungu anisamehe, niligeuza shingo nikamtafuta.

Halafu Isiko akasema angalau tumpigie makofi Rubani wa Pili, aliyetupa jina la tamasha, popote alipo. Vijana wachache wakapiga. Wa Masese wakauliza jina gani. Mtu akawasomea. Sikungoja kusikia walichosema.

Sikurudi Mbale. Nimelala kwa mwalimu mwenzangu wa zamani hapa Jinja, nimemwambia nimekosa usafiri.

Jumapili, 2 Novemba

Nimefika Masese asubuhi, mvua imekatika. Baba alikuwa barazani na redio iliyofunguliwa tumbo. Kadija alikuwa anageuza mukene, na hakuinuka kunisalimu. Nilijua hapo hapo kwamba wameshaambiwa. Jana walipotoka ukumbini walipitia hapa, Tyson na wale kina mama, na ua mzima ulijaa watu waliolowa.

Kadija akaniuliza bila kuangalia juu: "Tangazo la kuahirisha ulilisoma wapi, dada?"

Kabla sijafungua mdomo baba akanijibia. Akasema hata mimi nilidanganywa, mabango ya siku hizi hayaaminiki, aniache nikae, nimetoka mbali.

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningepita, na tungekunywa chai.

"Hapana, Baba," nikasema. "Hakuna aliyenidanganya."

Nikamwambia yote. Kundi, jina la uongo, roboti. Nikamwambia neno mlevi ni langu, niliandika mwenyewe, kwa mikono hii, ili watu wasinicheke. Nikamwambia nilikuwa ukumbini. Kadija aliacha kugeuza samaki. Baba alisikiliza huku ameshika bisibisi, na nilipofika kwenye mlevi akasema taratibu, kwa mshangao zaidi kuliko hasira: "Mimi? Hata soda inanisumbua tumbo."

Kisha akauliza walicheka wapi.

Sikuelewa. Akarudia: kwenye kanda, walicheka wapi, na wapi walinyamaza. Nikaanza kumwambia kwa kifupi, akanikataza, akataka tangu mwanzo. Basi nikasimulia. Nikamwambia Afande Sufuria alivyoingia na ukumbi ulivyojibu. Nikasema maneno yake kwa Kiswahili chake, kile ambacho nimekificha tangu niingie chuo, na hakikunishinda hata neno moja. Alitikisa kichwa pale alipokubali. Mahali pamoja alicheka, akasema hapo aliharibu, alichelewa. Nikamwambia kina mama walivyosimama. Aliweka bisibisi chini.

"Halafu?"

"Halafu wakauliza VJ yuko wapi."

"Halafu?"

"Wakauliza kama kuna mtu wa familia."

Hakuuliza tena halafu.

"Nilinyamaza, Baba."

Kanzu ilikuwa imening'inia nyuma yake kwenye msumari, kola imesimama. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu, na hakuniangalia. Aliposema, alisema kwa upole uleule aliotumia Ijumaa ile kuhusu mvua.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Ningekuja nikae nyuma. Singesema wewe ni mtoto yangu."